Profesa Lazima Arudi

Jumatatu, 3 Machi

Amekamatwa! Amekamatwa, amekamatwa, amekamatwa. Naandika mara nne kwa sababu ofisini nilishindwa kusema hata mara moja.

Ujumbe wa ubalozi wetu wa huko ulifika saa mbili na robo, hata mkoba sijauweka chini. Ijumaa, tarehe ishirini na nane, polisi wa kule walimkuta Profesa kwa daktari wa meno. Kiti kimelazwa, mdomo wazi. Nimeusoma mara tatu, nikaenda chooni, nikafungulia bomba ili nicheke bila kusikika. Niliporudi wakaniuliza nina nini. Nikasema tumbo.

Mkurugenzi akaniita. Faili hili ni lako, akasema, wewe ndiye mwepesi kwenye dawati la marejesho ya watuhumiwa waliokimbilia nje. Laiti angejua! Mimi na mdogo wangu tumechangia mama tu. Baba tofauti, jina la ukoo tofauti. Hakuna mtu hapa anayejua kwamba Profesa ameshaingia nyumbani kwetu. Kuna fomu ya kutangaza maslahi binafsi, iko kwenye droo yangu, ya pili kutoka juu. Imelala. Na ilale.

Sasa saa inakwenda. Siku sitini tangu alipokamatwa. Ifikapo Jumanne tarehe 29 Aprili maombi yetu kamili yawe mezani kwa wizara yao ya mambo ya nje, yakiwa yamepitia mlango wa kidiplomasia — si barua pepe, si faksi. Tukichelewa hata siku moja wanamfungulia, anarudi kumalizia jino lake.

Hachomoki. Safari hii hachomoki.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika "maelezo mafupi ya kosa". Lugha ya serikali haina meno kabisa. Mtuhumiwa aliendesha taasisi ya mafunzo isiyosajiliwa na kutoa vyeti vya kughushi. Basi! Miaka mitatu ya mdogo wangu imetoshea kwenye mstari mmoja na nafasi imebaki.

Humu naandika ninavyojua mimi. Chuo cha uuguzi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Vitanda sita, mdoli mmoja wa mazoezi, walimu wanaobadilika kila muhula. Profesa — ambaye uprofesa kajipa mwenyewe — anapita na koti jeupe akiwauliza wasichana sehemu za moyo. Mdogo wangu alikuwa anazikariri huku anaosha vyombo. Mahafali tulikwenda wote, mama alilia mpaka akavua miwani. Akapata kazi zahanati, miezi kumi na moja. Ndipo wakaja wakaguzi. Namba yake ya usajili ilikuwa ya muuguzi aliyekwisha kufa.

Yeye ndiye aliyetiwa pingu. Mbele ya wagonjwa wake, sare imenyooshwa vizuri. Kughushi na kujifanya muuguzi: miezi minane jela. Profesa alikuwa ameshapanda ndege, na nina hakika alikaa dirishani.

Kwa hiyo mimi sitafuti haki, haki ni kazi ya Mkurugenzi. Mimi namtaka yeye, kwenye benchi lile lile la mahakama lenye msumari uliochomoza, asubiri kuitwa jina kama alivyosubiri mtoto wetu.

Ijumaa, 14 Machi

Karatasi ya utambulisho. Picha zake tunazo tano. Nimechagua ile aliyopigwa katikati ya chafya. Kwenye alama za mwili nimeandika: kipara, kovu kidevuni, kitambi. Mkurugenzi amekata kitambi kwa kalamu nyekundu, akasema kitambi si alama. Nikamwambia basi hajakiona.

Nimelala vizuri wiki nzima. Kabla ya kusinzia namwona anashuka kwenye ngazi za ndege, ametiwa pingu, hana wa kumbebea begi. Kila siku naongeza kitu. Jana niliongeza mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Mambo si mambo.

Mwendesha mashtaka amekuja mwenyewe, na begi lake lenye mkanda uliofungwa fundo. Amekunywa chai, ameshusha pumzi, ndipo akasema. Tuna mkataba wa pango, tuna mihuri ya bandia, tuna matangazo. Hatuna mtu. Jaji wa kule atataka maneno ya mtu aliyeshika kile cheti akaamini ni cha kweli. Bila hivyo, wakili wake atasema ni chuo tu kilichosahau kujisajili.

Wahitimu wa zamani amewapata kumi na tisa. Hakuna anayetia sahihi. Kusema "nilidanganywa" ni kusema pia "nilifanya kazi kwa cheti feki", na wengine bado wako mahospitalini hadi leo! Mmoja alimkatia simu. Mwingine alimwambia amekosea namba, kisha akamwuliza kama kesi ina miaka mingi.

Anayefaa, akasema, ni yule ambaye ameshahukumiwa. Huyo hawezi kushtakiwa mara ya pili kwa kosa lile lile. Yuko mmoja tu. Akavaa miwani akasoma majina ya mdogo wangu, yote matatu kwa mpigo.

Nikatazama dirishani. Kwenye maegesho kulikuwa na mtu anaosha kioo cha gari. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama dawati letu lina namna ya kumpata. Nikamwambia nitajaribu.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda kwa mama. Mdogo wangu alikuwa uani anaanua nguo. Amenenepa kidogo, amependeza. Siku hizi yuko duka la miwani, anawapima watu kwa ile chati ya herufi, na wateja wanamwulizia yeye tu.

Sikumwambia kwamba faili ni langu. Nilianzia mbali: nimesikia Profesa amekamatwa huko aliko. Akaendelea kukunja shuka. Nikasema nasikia wanatafuta mtu wa kutoa maelezo. Akaniomba nishike ncha ya pili ya shuka.

Kumbe ana habari zake. Mchumba! Fundi wa lifti, mpole, anakuja kumchukua dukani kila Ijumaa. Mama anamjua tangu Januari, mimi ndiyo kwanza nasikia. Mama mkwe mtarajiwa ni muuguzi mstaafu, alikuwa mkuu wa wodi miaka na miaka. Anampenda mdogo wangu kwa sababu ana mikono mitulivu. Siku moja alimwambia angefaa sana wodini.

Hawajui kitu. Si chuo, si zahanati, si jela. Miezi ile minane wanaambiwa alikuwa anamwuguza shangazi.

Nikamwambia, lakini akirudi yule, si ndiyo utakuwa umesafishwa? Kila mtu atajua kwamba ulidanganywa. Akaniwekea shuka mikononi.

"Dada, mimi sitaki kila mtu ajue chochote. Nilishamaliza. Wewe ndiye hujamaliza."

Mama aliita chakula. Tukala.

Jumanne, 1 Aprili

Hajui anachosema. Nani aliyemaliza? Juzi aliposikia king'ora barabarani alisimama wima na shuka mkononi mpaka kikapita. Huyo ndiye aliyemaliza?

Yule mtu ana jino jipya. Ubalozi umeandika leo: kwa hisani ya serikali ya kule, matibabu yake yamekamilishwa mahabusu. Na mdogo wangu, kule jela, sikio lilimtoka usaha wiki tatu akapewa maji ya chumvi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefanya.

Masjala ya mahakama, chini kabisa, kwenye harufu ya karatasi na dawa ya mende. Karani ni binti mwenye kucha ndefu, akaniambia faili la kesi kama ile huwa hakuna anayeliuliza. Nikaonyesha barua ya wizara. Baada ya nusu saa akaniletea. Maelezo ya mdogo wangu aliyoyatoa kwenye kesi yake mwenyewe, kurasa kumi na moja. Ameeleza kila kitu: vitanda sita, mdoli, walimu, siku aliyopewa cheti, maneno aliyoambiwa na Profesa akimkabidhi. Hiki ndicho hasa mwendesha mashtaka anachokililia!

Niliomba nakala iliyothibitishwa. Ni rekodi ya umma. Sikuiba.

Nimesoma nikiwa nimesimama kwenye korido. Ukurasa wa tisa wote anaomba radhi kwa wagonjwa wake, mmoja mmoja. Mtoto aliyeungua kwa uji. Babu wa kidonda cha mguu. Anasema aliwahudumia kwa nia njema na anaomba wakapimwe upya na mtu wa kweli. Mtu wa kweli! Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na nilipomaliza kulia hasira ilikuwa mara mbili.

Sikumwomba ruhusa kwa sababu angekataa. Najua. Lakini huko ni mbali, watasoma kwa lugha yao, watafunga kabati. Nani atamjua? Jina tu kwenye karatasi.

Jumanne, 15 Aprili

Mfasiri amenitoa jasho. Mtu wa nukta na mkato, hawezi kufasiri bila kahawa, na akipata kahawa anataka kuzungumza. Kurasa kumi na moja amezimaliza mwisho. Akazipanga, akasema huyu binti alionewa kweli kweli. Akauliza yuko wapi sasa. Nikasema sijui.

Waziri ametia sahihi saa kumi, kesho anasafiri wiki tatu. Nimeponea chupuchupu.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku ya arobaini na nane. Naandika na vidole vina lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia mihuri.

Mzee wa Lakiri ndiye peke yake wizarani anayeruhusiwa kufunga faili la marejesho. Ana meza yake, jiko lake dogo la spiriti, na hasira zake. Anatoboa matundu mawili, anapitisha utepe kwenye kurasa zote, anafunga fundo, anadondosha lakiri nyekundu, anagandamiza muhuri. Akishamaliza, ukurasa hautoki bila kukata utepe, na ukikatwa utepe sahihi ya Waziri imekufa — mnaanza upya.

Aliniuliza kama anavyouliza kila mtu: zote zimo? Hakuna ya kutoa? Mkono wake na lakiri inayochuruzika uko juu ya fundo. Nikaona pembe ya kurasa zile kumi na moja, zimejitokeza kidogo upande wa kushoto. Nikazisukuma ndani kwa kidole, zikakaa sawa.

Nikamwambia, funga. Akafunga. Nilipuliza lakiri mwenyewe ipoe, na mzee akanicheka, akasema napuliza kama uji wa mtoto. Saa tisa mfuko wa kidiplomasia umeondoka.

Ijumaa, 25 Aprili

Imepokelewa! Muhuri wa wizara yao, tarehe 24, siku ya hamsini na tano. Dhamana imekataliwa. Profesa anabaki ndani!

Ubalozi unasema wakili wake amekasirika. Nimenunua viatu vyekundu. Siku akishushwa kwenye ndege nitakuwa uwanjani, kikazi, na nitakuwa nimevivaa. Sitamwambia kitu. Nitamsogelea mpaka aone uso — mimi na mdogo wangu tumefanana macho — na nitamtajia sehemu za moyo, moja moja, kwa utaratibu.

Jumatano, 7 Mei

Wakili wake si mjinga.

Hakugusa mihuri wala mkataba wa pango. Ameshika kurasa zangu kumi na moja. Hoja yake: yale ni maelezo ya mshtakiwa akijitetea, hayakuwa chini ya kiapo, na mtu anayejitetea anaweza kusema lolote. Jaji amekubali nusu. Anataka mwenye maelezo asikilizwe mwenyewe, chini ya kiapo, kwa video. Jumatano tarehe 21 Mei, saa tatu asubuhi. Kikao cha wazi, waandishi wa habari wanaruhusiwa.

Asipotokea, kurasa zinatolewa. Zikitolewa, Profesa anatoka.

Nimekaa nikisoma mpaka taa ya korido ikazimwa na mlinzi. Huko ni mbali, nilisema. Watafunga kabati, nilisema!

Jumatatu, 12 Mei

Hati ya wito imefika. Imetoka mahakama yao kwenda wizara yao, kutoka wizara yao kwenda ubalozi wetu, kutoka ubalozi kwenda kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaja ameishika mwenyewe akaiweka mbele yangu, juu ya kikombe. Jina la mdogo wangu kwa herufi kubwa.

Mama alipiga simu mchana. Jumamosi watu wa fundi wa lifti wanakuja nyumbani rasmi, nisikose, nilete na viti vyangu vinne. Nikamwambia sawa, mama.

Ijumaa, 16 Mei

Mpeleka hati wa mahakama ana miguu miwili na orodha ya watu sitini. Anasema mpaka Jumatano. Mkurugenzi amepandwa na joto: uthibitisho wa kupokewa lazima urudi ubalozini Jumatatu kabla ya saa sita, la sivyo jaji hamngoji. Anauliza nani atakwenda.

Ningeweza kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Droo ya pili kutoka juu, fomu moja, dakika tano, wangempa mtu mwingine na mimi ningebaki dada tu.

Nikasema nitapeleka mwenyewe.

Fomu ya uthibitisho ni nyepesi. Jina la aliyepokea, mahali, tarehe, saa na dakika, sahihi ya aliyepeleka. Aliyepokea hahitaji kutia sahihi wala kusoma. Mwendesha mashtaka alinieleza kwenye simu: akishaipokea kwa mkono wake, sheria inasema amepokea. Asipotokea baada ya hapo polisi wanamfuata.

Nimeitoa kwenye bahasha ya kaki yenye nembo. Nembo ile mama akiiona atazimia, aliiona siku ile ya zahanati. Nimeitia kwenye bahasha nyeupe nzuri, nikaandika jina lake kwa mkono. Kesho wageni wakishaondoka nitamvuta pembeni, nitamweleza yote, nitapiga magoti ikibidi. Akikataa... sijui akikataa. Nikifikiria akikataa naliona lile jino jipya.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika chumbani kwa mama, nimekaa kitandani, mlango umerudishwa. Nilisema kichwa kinauma.

Wamekuja saba. Fundi wa lifti amevaa shati lenye alama ya kukunjwa dukani. Mama mkwe ni mwanamke mfupi, sauti ya wodini, alipoingia tu sote tulikaa vizuri. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alimshika mdogo wangu mkono akawaambia wenzake, tazameni vidole hivi. Mdogo wangu alikuwa anacheka. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona anacheka mdomo wazi, bila kuuziba kwa kiganja.

Mama mkwe akaniuliza mimi nafanya kazi gani. Nikasema ofisini. Akauliza ofisi ya nini. Nikasema barua — napokea barua, natuma barua. Ndipo kichwa kikaanza kuniuma.

Nimekuja huku kutafuta namna. Nilikuwa na mkoba magotini. Mlango ukafunguliwa, mdogo wangu, anataka pini, gauni limemfunguka begani. Akaingiza mkono kwenye mkoba wangu kama alivyokuwa akifanya tangu mdogo, hajawahi kuomba. Akatoka na bahasha.

Akaona jina lake, na mwandiko wangu.

"Dada na wewe! Si nilisema usihangaike na zawadi?"

Nikasema ngoja. Nadhani nilisema ngoja. Alinikumbatia shingo kwa mkono mmoja, bahasha iko kwenye mkono wa pili, akaninong'oneza kwamba ameogopa wiki nzima kuwa bado nimemkasirikia. Halafu akatoka, pini hakuchukua.

Sasa wako sebuleni. Nawasikia. Mama mkwe amesema zifunguliwe moja moja, kila mtu aone. Imefunguliwa ya shangazi yao, mashuka. Wamepiga makofi. Imefunguliwa seti ya sufuria, mtu akatania kwamba fundi sasa hana kisingizio cha kutopika. Kutoka hapa hadi mlangoni ni hatua nne.

Nitasimama. Nitasema nimekosea bahasha, yangu iko kwenye gari. Ni rahisi, mtoto mdogo anaweza. Nitamnyang'anya huku nacheka, nao watacheka.

Lakini ameipokea. Kwa mkono wake, mimi nikiwepo.

Fomu iko hapa, juu ya shajara. Jina la aliyepokea, nimejaza. Mahali: nyumbani kwa mama yake. Tarehe, nimejaza. Saa ya mama ya mezani iko mbele yangu. Wakati ule nilikuwa naitazama, sijui kwa nini nilikuwa naitazama. Saa tisa na dakika ishirini na mbili. Nimejaza.

Mdogo wangu anasema ya dada iwe ya mwisho. Mama mkwe anasema basi dada mwenyewe aitwe, haifunguliwi bila yeye. Fundi wa lifti anaitikia, kweli, aitwe.

Wananiita. Nimejibu nakuja. Imebaki sahihi yangu, na kalamu ninayo